Benchi la Chai la Mnadani

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Machi, mwaka 2072, saa kumi na dakika kumi na nane jioni. Naitaja mpaka dakika, kwa sababu kesho wale wakubwa watakwambia uwanja ulijifia wenyewe kwa uzee. Uzee gani? Mzee ni mimi, na bado natembea, nakohoa, napiga chokaa.

Siku hiyo Reli walikuwa wanacheza na Katani, na watu walifika elfu nne. Siku hizi hao ni wengi. Watu wanatazama mpira kwa miwani, wamejilaza kwao, mguu mmoja juu ya mto. Bwawa la kuogelea la jiji sasa ni la vyura. Ukumbi wa ngumi ni ghala la magodoro. Sinema ya Stesheni wamebaki popo peke yao, na hao angalau wanakuja kila siku. Kitu cha watu wote kilichobaki kilikuwa Uwanja wa Mnadani na nyasi zangu.

Naitwa Mihayo Lugusha, mtunza uwanja. Kila mstari uliouona pale nimeupiga mimi kwa mkono huu, miaka thelathini na moja. Shule niliishia darasa la nne, lakini mstari hausomewi.

Dakika ya kumi na nane winga wa Katani akafunga. Sasa, mtu wa kwetu anajua goli la Mnadani lilivyo. Unaona midomo elfu mbili imefunguka, lakini sauti unayoisikia ni kama ya mtu aliyejifunika shuka. Jukwaa la mashariki linaimeza. Zege lake walilimwaga mwaka 2049, limechanganywa na unga wa jiwe fulani, wenyewe wanaliita zege sikivu. Kelele ikiligusa inaingia ndani na kulala humo. Waliliweka kwa ajili ya maghorofa ya vioo yaliyo nyuma ya uwanja, wanakokaa wakubwa. Sisi tukishangilia goli, wao kule juu wanasikia mbu mmoja.

Siku hiyo jukwaa halikumeza. Kelele ikapaa nzima nzima, mpaka watu wakashtuka kwa sauti yao wenyewe. Wengine waliziba masikio huku wanacheka. Na hapo jukwaa likacheua.

Sitanii. Chini ya makalio ya watu, ndani ya zege, ikatoka sauti ya mwanamume: "Kashata! Kashata ya nazi, ya moto!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Bakunda, muuza kashata. Tulimzika mwaka 2056.

Ikafuata filimbi ya refa. Ikafuata kelele ya penalti tuliyonyimwa zamani, bado ina hasira zake. Watu hawakujua wakimbie au wabaki wasikilize. Kisha ukingo wa mbele wa jukwaa ukapasuka, twaa, urefu wa mita sita, na shemeji yangu Chaurembo Pazi, aliyekuwa amepanda juu yake anacheza goli, akateremka nao. Mguu ukavunjika sehemu mbili. Hakufa mtu. Mungu alikuwa kazini, ingawa ofisi za wakubwa zilikuwa zimefungwa.

Kabla jua halijazama walikuwa wameshapiga kufuli.

*

Jumanne alikuja mhandisi kutoka jijini, dada mmoja mwembamba, Injinia Ansila. Alikuwa na kidubwasha anakibandika kwenye zege na kusikiliza, kama daktari na kifua cha mtoto. Alisikiliza jukwaa lote, safu kwa safu, kisha akaja banda langu la zana, akaketi kwenye benchi la chai. Benchi lenyewe ni sanduku refu lililofunikwa turubai. Nikammiminia chai.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Nimechoka."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anasemaje?"

"Ameshiba." Akapuliza chai. "Miaka ishirini na tatu anakula kelele, hajakamuliwa hata mara moja. Zege hili lilitakiwa kukamuliwa kila mwaka. Mashine inafyonza sauti, inazigeuza umeme, jukwaa linabaki tupu, linaanza upya. Kwenye makaratasi imeandikwa mashine ililetwa. Iko wapi?"

"Waulize wakubwa. Wao ndio wanaoleta vitu. Mimi naleta chokaa."

"Niliwauliza. Wanasema hawaijui."

"Unaona?"

Akanitazama kidogo, akanywa. "Kuagiza nyingine ni miaka miwili. Jukwaa halifiki miaka miwili. Masika yakilikuta hivi, litalipuka lenyewe. Kwa hiyo wameamua Jumapili ya tarehe ishirini na saba tulifungue wazi. Watu watakaa nje ya uzio wa jukwaa, sauti zote zitatoka hewani kwa robo saa. Kila kilichowahi kupigiwa kelele hapa kitasikika, mara moja."

"Na baada ya hapo?"

"Mtikisiko utalivunja. Hapatachezwa tena. Kuna watu wameshatia saini, panajengwa maghorofa mengine." Akapapasa turubai aliloketia. "Ni hasara, mzee. Mashine ingekuwepo, uwanja huu ungeishi miaka hamsini."

Nikamwongezea chai. Nyingine ikamwagikia turubai, nikasingizia birika.

*

Niseme sasa, maana hapo mbele nitayasema mbele ya watu elfu nne, na wewe usije ukajiona wa mwisho kujua.

Mashine ililetwa mwaka 2049. Wakubwa walipiga nayo picha, wakashikana mikono, wakaniachia sanduku nisaini kwa dole gumba. Hawakurudi. Maandishi ya juu yake yalikuwa ya kigeni. Miaka kumi na tisa nililikalia nikinywa chai, nikijua ni kitu cha wakubwa kilichosahauliwa, kama sisi.

Mke wangu alikuwa Siwema binti Pazi. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujazaliwa. Yeye Katani, mimi Reli. Ndoa yetu ilikuwa fainali isiyo na refa. Kila siku ya mchezo alikaa safu ya kumi na nne, karibu na nguzo, na kila nilipopita na kitoroli changu cha chokaa alisimama na kuniita mbele ya umma: "Lugushaaa! Mstari wako umepinda kama ahadi za Mnyamwezi!" Jukwaa zima linacheka. Mimi sigeuki. Napiga mstari. Lakini mabega yangu yanacheka, na yeye anayaona.

Alifariki Aprili 2068, homa ya siku nne. Mwezi uliofuata fundi umeme mmoja akasimama banda langu, akasoma yale maandishi, akaniambia sanduku ni la nini. "Sauti ikishakuwa umeme imekwenda, mzee," akasema. "Inawasha taa. Haina jina tena." Wiki iyo hiyo mkaguzi akaja kuiulizia. Nilikuwa nimeshalitupia turubai, nimepanga vikombe juu.

"Mashine gani?" nikamwambia.

Miaka kumi na tisa ya mke wangu ilikuwa imelala ndani ya zege lile, na mimi nilikuwa nimekalia kitu cha kumfuta. Ungefanyaje?

Na sasa ile Jumapili ya tarehe ishirini na saba ingenipa nilichokitaka. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Wangefungua, ningemsikia, uwanja ungekufa, na lawama zote zingekwenda kwa wakubwa, mahali zinapostahili. Karibu zote.

*

Jumapili yenyewe ilipambazuka kama Idi. Jiji lilikuwa limeandaa hotuba. Watu wakaandaa matanga.

Masufuria ya pilau yalipangwa kuanzia lango kuu mpaka banda la wapiga ngoma. Ngoma ya Katani na ngoma ya Reli zilipigwa pamoja, kila moja inajitahidi kumharibia mwenzake. Watu wazima walikuja wamevaa jezi za ujanani, matumbo yanachungulia. Kila mtu alikuwa na marehemu wake ndani ya jukwaa, amemjia kama mtu anayempokea mgeni stesheni. "Mimi nakuja kumsikia baba akimtukana refa," mmoja akaniambia, machozi na meno yote nje. Uwanja mtupu miaka yote hiyo, kumbe ungetangaza unakufa ungejaa!

Mheshimiwa wa jijini alikaa chini ya mwavuli anatazama saa. Injinia Ansila alisimama kwenye koki kubwa ya kufungulia jukwaa, ufunguo mkononi. Saa tisa kamili akainua mkono.

"Simamisha!" ikaita sauti.

Akatokea shemeji yangu Chaurembo. Ana magongo mawili, mguu una plasta nyeupe, na kwenye plasta amejichorea mstari wa katikati na duara. Kichwani kajifunga kanga ya njano ya Siwema. Watu wakaanza kucheka kabla hajafika.

Kwetu msiba haukamiliki bila mtani. Ndugu wanalia, mtani anacheza. Anamwigiza marehemu, anafunga njia ya jeneza mpaka apewe anachodai, na mwenye msiba haruhusiwi kununa wala kukataa.

Chaurembo akajilaza chali kwenye duara la kati.

"Mimi ndimi Mnadani!" akapaza sauti. "Marehemu mtarajiwa! Taa zangu ni nne, tatu vipofu, ya nne ina makengeza! Vyoo vyangu vilitangulia mbele ya haki mwaka sitini, hatukuviwekea hata matanga! Nyasi zangu nanyolewa na Mnyamwezi, sasa mlitegemea niwe na sura gani?"

Watu walikuwa wanashikana ili wasianguke. Mwanamke mmoja alimwaga sahani nzima ya pilau na hakujali. Na mimi, ambaye miaka minne kicheko changu kilikuwa kikohozi, nikajikuta nimeinama, mikono magotini, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Akainuka kwa magongo, akaenda akaketi juu ya koki ya Injinia.

"Njia imefungwa. Sisi Wazaramo watani wa mwenye msiba, na mwenye msiba ni huyu Lugusha aliyemlea marehemu. Maiti haitoki."

"Nini hiki?" Mheshimiwa akamuuliza jirani yake. "Ratiba inasema saa tisa."

"Baba," akajibu Bi Zawena, mjane wa Mzee Bakunda wa kashata, "hapa ratiba anayo mtani. Kaa ule."

Chaurembo akaninyooshea gongo. "Dai la kwanza. Sema mbele ya umma kwamba mstari wako umepinda."

Miaka ishirini Siwema hakulipata neno hilo.

"Umepinda," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka arobaini na moja."

Kelele iliyopigwa hapo, jukwaa lenyewe lilinguruma, likatoa vumbi.

"Dai la pili," akasema, na akasubiri mpaka watu watulie. "Nalitaka lile benchi la chai. Na turubai lake. Na kilichomo."

Watu wakacheka tena, wakidhani ni mzaha wa kawaida, mtani hudai hata mswaki wa marehemu. Mimi sikucheka. Nikamsogelea, tukawa pua kwa pua.

"Shemeji, unajua?"

"Nimelikalia nikinywa chai yako ya maji maji miaka minne," akanong'ona. "Unadhani sijafunua turubai, au sijui kusoma?"

"Na mguu wako? Mimi ndiye niliyeuvunja, basi. Kwa nini hukunisema?"

"Nikusemee kwa nani, kwa yule wa mwavuli? Wewe ni wa kwangu wa kukutania, si wa kukushitaki."

"Siwema yumo humo, Chaurembo."

"Dada yangu alikuja hapa kupiga kelele. Hakuja kuhifadhiwa." Akairekebisha ile kanga kichwani. "Mtani amedai, Lugusha. Unanipa, au unanuna?"

Nilitazama zile nyasi. Nilitazama masufuria. Nikawaza maghorofa ya vioo mapya, na mtu wa ghorofa ya tisa akifungua dirisha asisikie hata huyo mbu mmoja. Mtani alikuwa amenifungulia mlango ambao mtu anaweza kutokea bila kuinamisha kichwa. Nikaona aibu kuendelea kusimama ndani.

Nikaenda bandani, nikavivuta vikombe, nikalivua turubai, na vijana wanne wa Reli wakalibeba sanduku mpaka duara la kati. Injinia Ansila alipoona mhuri wa ubavuni aliweka mikono yote kichwani.

"Mashine ilikuwepo," nikawaambia watu. Nilishika kipaza sauti cha Mheshimiwa. "Wakubwa waliitelekeza miaka kumi na tisa, na hilo sitawasamehe. Minne iliyobaki ni yangu. Niliificha ili mke wangu asifutwe. Ikifanya kazi leo uwanja unapona, lakini hatutawasikia watu wetu. Kwanza uwanja, sasa sauti zao, nimewanyang'anya mara mbili. Basi."

Upande mmoja ukaanza kuguna. Yule aliyemjia baba yake alikaa chini kama aliyekatwa miguu. Mtu akapiga kelele, "Fungueni! Tumekuja kusikia!" Mwingine akamjibu, "Halafu mwanao akachezee wapi, kwenye miwani?" Nilidhani patachimbika.

Bi Zawena akasimama.

"Mimi wangu nilishamsikia siku ile," akasema. "Baada ya miaka kumi na sita mtu anarudi, na anasema nini? Kashata za moto. Nimezipika mimi kashata zile maisha yangu yote. Hazikuwahi kuwa za moto hata siku moja!" Akangoja kicheko kipite. "Amekufa na uongo wake, na nampenda hivyo hivyo. Wekeni mashine. Nataka wajukuu wangu wadanganywe hapa hapa."

Hapo ndipo ngoma zilipolia, zote mbili, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jiji letu zilipiga mdundo mmoja.

Mheshimiwa akaja mbio, mwavuli umebaki nyuma. "Haiwezekani. Mkataba umeshasainiwa."

"Mkataba unasema uwanja ukishindikana, Mheshimiwa," akasema Injinia Ansila, mikono tayari ndani ya sanduku. "Haujashindikana. Naomba unishikie hizi nyaya."

Akashika. Sijui kwa nini, lakini alishika, na watu wakampigia makofi, naye akashindwa kujizuia, akatabasamu.

*

Mashine ilipata joto polepole, ikitoa mlio kama paka aliyeshiba. Injinia akaniita. Alikuwa na mpira mrefu mwembamba, ncha yake ina mdomo wa shaba.

"Mzee wangu, kuna kitu kimoja. Kabla haijaanza kukamua lazima itolewe pumzi. Unabandika mdomo huu kwenye kipande kimoja cha jukwaa, unabonyeza. Sekunde kumi za kipande hicho hazitageuka umeme. Zitatoka hewani, zitasikika."

"Kipande kipi?"

"Chochote. Lakini ni mara moja tu. Ikishatoa pumzi inaendelea yenyewe, inafyonza vyote." Akaniwekea mpira mkononi. "Wewe ndiye unayezijua safu."

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Watu wakasikia.

"Safu ya sita! Baba yangu!"

"Ya ishirini na moja, mzee, tafadhali, mama!"

"Ya tisa, ndipo nilipomposa huyu!" "Hukuniposa wewe, ulikuwa unamfokea refa!"

Walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wanaomba. Nikapanda jukwaani na ule mpira begani. Zege lilikuwa na joto la mwili chini ya viatu vyangu. Safu ya tatu. Ya sita, na kule chini yule mtu wa baba yake amefumbata mikono kifuani. Ya tisa. Nilikuwa na jibu tangu chini, jibu la miaka minne, na miguu ilikuwa inalijua. Ya kumi na nne, karibu na nguzo. Nikapiga goti. Nikaweka mdomo wa shaba kwenye zege, kidole juu ya kitufe.

Kisha nikageuka nyuma.

Watu elfu nne walikuwa wananitazama. Hakuna aliyenikataza. Hapo ndipo pagumu: wote walijua niko safu gani, na hakuna aliyenikataza. Bi Zawena aliitikia kwa kichwa. Kule chini Chaurembo alikuwa amelegea juu ya magongo, kanga ya njano inapepea, na kwa sauti ya dada yake, ile ile, akaniita:

"Lugushaaa! Ukipinda, rudia!"

Mabega yangu yakacheka.

Mashine inanguruma, kitufe kiko chini ya kidole, na mimi ndiye niliyewaficha hawa watu mashine miaka minne. Sekunde kumi tu, mara moja tu, kwa watu elfu nne. Za nani?